Kinachozidi Kifichwe

Upande wa kulia wa kichwa cha Mama Léontine ulikuwa umekwisha kunyolewa, na wembe wa Dancille ulikuwa ukipanda taratibu kutoka kisogoni kuelekea utosini. Kaswera alishika beseni karibu na bega la mama mkwe wake, akipokea nywele. Zilikuwa chache, nyeupe kwenye mizizi. Katika ukoo wa mumewe nywele za kilio haziachwi zianguke chini zikakanyagwa, na yeye, aliyetoka Butembo kuja kuolewa hapa Walikale, alikuwa amejifunza hilo kama alivyojifunza mengine yote: kwa kutazama na kunyamaza.

"Tulia, Léontine," alisema Dancille, jirani aliyenyoa vichwa vya wafiwa wa mtaa mzima. "Nikikukata sikio, Archange atanidai ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Hata kuku balimaliza," alijibu Mama Léontine bila kucheka.

Archange, mume wa Kaswera, alikuwa amekaa kwenye ubao kando ya jiko, kichwa chake kimekwisha kunyolewa na kinang'aa. Yeye ndiye aliyeamua. Fifi, dada yake wa pekee, alikuwa ameolewa Nyamitaba, upande wa Masisi. Tangu mapigano yawatoe watu kule mwezi wa saba, simu yake haikuita tena, na barabara ilikuwa imefungwa. Kilichobaki ni orodha ya watu waliopokelewa kwenye kambi ya Lushebere, ambayo Kaswera aliifungua kwenye kompyuta ya sekretariati yake, kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, kila juma. Mara nne alitazama, mara nne jina la Fifi halikuwemo. Baada ya mara ya nne Archange alisema, "Basi. Mama asiendelee kulala chini. Tumnyoe, tumalize hii kilio."

Maharagi yalikuwa yanachemka. Majirani wachache walikuwa wamekwisha kula sahani ya kwanza na kubaki karibu na sufuria wakingoja ya pili.

Pikipiki iliingia uani ikazimwa. Aliyeshuka alikuwa Fiston, dereva wa moto, kama pikipiki zinavyoitwa hapa, ambaye hakuonekana mjini kwa miezi miwili. Matope yalimfika magotini. Alivua kofia, akatazama wembe, akatazama kichwa cha Mama Léontine.

"Munanyolea nani?"

"Fifi," alisema Archange. "Karibu. Kaa, watakupa kitu."

Fiston hakukaa. "Fifi gani? Fifi wa hapa?"

"Unajua mwingine?"

"Lakini miye natoka Lushebere! Nimepita njia za pori, nimelala njiani siku tatu. Jina yake iko pale kwa ubao, balibandika kwa karatasi. 'Fifi, Nyamitaba, anatafuta mama yake, Walikale.' Niliisoma na macho yangu. Nikasema, hawa bameshajua, liste si iko kwa mashini ya Kaswera?"

Wembe wa Dancille ulisimama hewani, na tone la maji likashuka kutoka kwenye ncha yake hadi shingoni mwa Mama Léontine. Kisha mmoja baada ya mwingine, hata wale wa karibu na sufuria, waligeuka kumtazama Kaswera na beseni lake.

"Ulitazama mara ngapi?" aliuliza Archange.

"Mara nne."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini," alisema Kaswera.

Mama Léontine hakugeuza kichwa. "Enda uangalie ya tano," alisema.

*

Sekretariati ilikuwa chumba kimoja cha mbao: kompyuta ya kukunja, mashine ya kopi iliyoisha wino, waya za kuchajia simu, na paneli ya jua juu ya bati. Kaswera hakusomea kazi hiyo mahali popote. Alijifunza kwa kufungua kurasa za wengine na kuchungulia zilivyoandikwa ndani, kama mtu anayefumua nguo ili ajue imeshonwaje. Hivyo ndivyo alivyoitengenezea parokia tovuti yake, bila malipo. Na ndivyo alivyoingiza humo orodha ya Lushebere, ambayo haikuwa ya parokia. Ilikuwa ya shirika linaloandikisha wakimbizi, na ukurasa wao ulikuwa mzito, umejaa picha na vifungo vya Kifaransa, unakula mega za watu za intaneti. Kaswera alikata dirisha ndani ya ukurasa wa parokia, na ndani ya dirisha hilo orodha ya wenzao ikaonekana peke yake, safi, jina chini ya jina.

Archange alisimama nyuma yake, bado anaguswaguswa na upepo kwenye upara mpya. Kaswera alifungua ukurasa wa parokia. Majina yakatokea. Akashuka nayo hadi la mwisho, namba thelathini na nane. Chini yake palikuwa na mstari, kisha sala ya amani, kisha saa za misa.

"Fiston alikuwa amelewa," alisema Archange. Sauti yake haikuonyesha kama alitaka iwe hivyo.

"Ngoja. Nifungue ya benyewe."

Alikwangua kadi ya mega, akaingiza namba, akaandika anwani ya shirika lenyewe. Ukurasa ulifunguka polepole, picha moja, kifungo kimoja, mpaka orodha ikafika. Akashuka. Thelathini na sita, thelathini na saba, thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Mkono wake uliendelea kushuka na orodha ikaendelea kuja. Kule chini kabisa paliandikwa jumla: watu mia mbili na kumi na wanne.

Alirudi juu, akasoma mstari kwa mstari akifuata na kidole kwenye kioo. Kwenye namba tisini na saba kidole kilisimama.

*Fifi. Mwanamke, miaka 31. Ametoka Nyamitaba. Anatafuta: mama, Léontine, Walikale. Watoto alio nao: 1.* Tarehe ilikuwa ya majuma matano yaliyopita.

Archange aliweka mkono mdomoni, akautoa. "Kwa nini huku yuko na kule hayuko?"

Kaswera aliujua mstari wa amri uliofanya hivyo hata kabla hajaufungua. Alipoweka dirisha mara ya kwanza, ukurasa ulikuwa na fito mbili za kijivu pembeni, zile za kusogezea maandishi: mmoja wa ukurasa wa parokia, mwingine wa dirisha. Ukivuta mmoja, mwingine unakwama. Padri Albert alilalamika kwamba ni vibaya kwa macho na wazee wanachanganyikiwa. Kwa hiyo Kaswera aliliwekea dirisha urefu wa vipimo mia tisa, kisha akaandika amri ya maneno mawili: kinachozidi, kifichwe. Ufito wa pili ukatoweka. Siku hiyo orodha ilikuwa na majina thelathini na nane, na yote yaliingia. Alifurahi. Hata alimwita Archange aje aone.

Ila wapya walikuwa wanaandikwa chini.

"Nilikata," alisema.

"Ulikata majina?"

"Sikukata majina. Nilikata ufito."

Archange alimtazama kwa muda mrefu, si kwa hasira, ila kama mtu aliyechoka anayejaribu kusoma maandishi madogo. "Kwa jirani nitasema nini?" aliuliza mwishowe. "Wameshakula maharagi."

Kaswera alikuwa anaangalia ile namba moja iliyo mwisho wa mstari. Mara ya mwisho alipowatembelea, Fifi aliondoka hapa na watoto wawili.

*

Walipofika nyumbani majirani walikuwa wameongezeka. Habari ya Fiston ilikuwa imetangulia kila mahali, na mtu mmoja kwenye lango alisema kwa sauti ya kusikika, "Mama Mashini amerudi. Tuulize leo mashini inasema nini." Wawili wakacheka, kisha wakaona uso wa Kaswera wakaacha.

Mama Léontine alikuwa pale pale kwenye kigoda, nusu ya kichwa ina nywele, nusu haina. Nzi alitembea upande uliokuwa wazi na yeye hakumfukuza.

"Iko?" aliuliza.

"Iko, Mama. Namba tisini na saba. Amejiandikisha yeye mwenyewe, majuma matano."

Dancille alipiga kigelegele kimoja kifupi, akakikata katikati. Mama Léontine hakusogea.

"Majuma matano anatuita, na sisi tunamunyolea," alisema. Kisha: "Na batoto?"

Kaswera alitazama chini, kwenye beseni la nywele.

"Imeandikwa moja, Mama."

"Moja."

"Njo vile imeandikwa. Labda mwingine yuko na baba yake. Hawaandike kila kitu."

"Na baba yake?"

"Hawakumuandika."

Ua wote ulisikia. Archange alipita akaingia ndani, wakasikia kitanda kikilia. Fiston, aliyekuwa ameshika sahani, aliiweka chini bila kuimaliza.

"Kuna namba ya simu ya kambi," alisema Kaswera. "Nimepiga mara sita. Réseau haiko, simu haipite."

"Itakosa mpaka kesho kutwa," alisema Fiston. "Balichoma mafuta ya jenereta ya antena. Lakini miye kesho asubuhi narudia kule, nina mizigo ya mutu. Andikeni barua. Nitaipeleka ao nitarudi nayo."

Dancille alipangusa wembe kwenye kitambaa. Hakupenda kazi iachwe hivyo. Kichwa kilichoanzwa kinamalizwa siku ile ile, alisema, mtu wa nusu hawezi kula na wengine wala kuingia nyumba ya mtu. "Sasa niambieni. Nimalize ao niache?"

Wote walimtazama Mama Léontine.

"Acha vile," alisema.

"Léontine, utatembea namna hii? Bantu watacheka."

"Bacheke. Nani hapa anajua kilio iko ya nusu gani?"

Akavuta kitenge begani, akajifunga kichwa, na kwa upande wa kulia kitambaa kililala bapa.

*

Kaswera alirudi sekretariati. Kwenye droo alikuwa na daftari la mistari, ambalo ndani yake aliandika kila aliyekuja kutafuta jamaa yake: tarehe, jina la anayetafuta, jina linalotafutwa, na jibu. Majibu yote yalikuwa neno moja. *Hayuko. Hayuko. Hayuko.* Mistari kumi na saba. Alikuwa akijivunia daftari hilo, kwamba lina utaratibu.

Alichukua jina moja moja kutoka daftarini na kulitafuta kwenye orodha ya mia mbili na kumi na wanne. Ilimchukua zaidi ya saa moja. Aliwakuta sita, Fifi akiwa mmoja wao.

Padri Albert aliingia akiwa bado na buti za mpira. Alikuwa ameambiwa njiani, na labda kwa sababu hiyo hakusalimia kwa kirefu. Alivuta kiti.

"Miye njo nilisema ufito ni mbaya," alisema.

"Na miye njo niliandika, Padri."

"Urudishe basi. Leo hii."

"Ufito peke yake haitoshe. Kwa simu ufito haionekane. Muntu anashuka, anafika mwisho wa dirisha, anaona saa za misa, anasema imeisha. Na huku bantu wengi wanasoma kwa simu." Alivuta karatasi aliyokuwa amepigia hesabu. "Kwa kompyuta, kila jina linachukua vipimo ishirini na mbili. Kwa simu mstari unakunjika, linachukua arobaini na nne. Mara mia mbili kumi na ine, njo elfu tisa mia ine kumi na sita. Na kichwa cha orodha. Nitaweka elfu tisa na mia tano. Kwa kompyuta itabaki nyeupe nyingi chini, sawa shamba iliyolala."

"Ibaki. Sasa imeisha?"

"Haiishe. Kesho bataongeza bantu, urefu hautatosha tena."

"Mashini haiwezi kupima yenyewe?"

"Ukurasa wa kwetu haukubaliwe kuuliza ukurasa wa wengine una urefu gani. Iko kama nyumba ya jirani, unaona mlango, huwezi kuingia kuhesabu vitanda. Benyewe wanapashwa kututumia kipimo. Nimewaandikia leo. Mpaka wajibu, kila asubuhi nitafungua kwao, nitahesabu, nitabadilisha."

"Mpaka lini?"

Kaswera alitazama nje. Akina mama watatu walikuwa wanapita na magodoro vichwani, hakuwajua. "Mpaka bantu baache kukimbia," alisema.

Padri akauliza kama ingekuwa vizuri atangaze kanisani, na Kaswera akasema ndiyo, lakini jamaa za wale watano waliobaki atawaendea mwenyewe. Lile 'hayuko' aliwaambia kwa mdomo wake, uso kwa uso. Hawezi kuwaambia sasa kupitia tangazo.

Padri alipoondoka, Kaswera alibadilisha kile kipimo na kufuta ile amri ya maneno mawili. Akabonyeza kuhifadhi. Kiduara kilizunguka, kikazunguka, kikasimama. Mtandao ulikuwa umekatika. Alijaribu mara tatu. Kwenye tovuti ya parokia, kwa yeyote ambaye angefungua jioni hiyo, majina hayangezidi thelathini na nane.

Orodha ndefu bado ilikuwa wazi kwenye kioo, haijafungwa. Mashine ya kopi haikuwa na wino. Kaswera alitafuta karatasi: fomu za zamani za shule, nyuma yake nyeupe. Akachukua kalamu na kuanza kunakili kwa mkono, namba moja, namba mbili. Karatasi za kubandika mlangoni. Alipofika arobaini alifunga kompyuta nusu ili betri isiishe, akaikumbatia pamoja na karatasi, akatoka kwenda kwa Papa Édouard, wa kwanza wa wale watano, kabla jua halijazama.

*

Papa Édouard alikuwa mkulima mwenye umri wa kama miaka sitini, anaishi nyuma ya soko. Alimtafuta mke wake, Mapendo. Kati ya wote waliokuwa daftarini, yeye pekee alikuja kila siku ya soko, akavua kofia, akasoma orodha yote kuanzia juu, majina ya watu wasiomhusu, kama anayesoma ili asikose adabu.

Alimkuta anamenya mihogo. Kaswera alisimama, hakukubali kiti.

"Papa Édouard, Mama Mapendo yuko. Yuko Lushebere. Namba sitini na moja. Alikuwa kwa liste tangu majuma tano. Dirisha langu njo halikumuonyesha. Kosa ni yangu."

Mzee aliweka kisu chini. Alikaa akitazama mikono yake iliyopakwa utomvu wa mihogo.

"Nilikuambia," alisema polepole. "Siku ile ya mvua. Nilikuambia, mwana wangu, hii liste yenu haikue. Kila siku iko na urefu ule ule."

"Uliniambia, Papa."

"Ukaniambia, labda bantu hawaandikishwe tena."

"Njo vile nilisema."

Alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyetaka tu ithibitishwe. Kisha akasimama, akaingia ndani, akarudi na kofia yake, akaivaa. "Ni njia gani iko wazi?" aliuliza. Kaswera alimwambia kuhusu Fiston, na barua, na asubuhi. Mzee aliivua kofia tena, lakini hakuketi. Alimshukuru. Shukrani hiyo ndiyo Kaswera aliyoibeba hadi nyumbani, nzito kuliko tusi.

Alipita kwa mwingine mmoja, nyumba ilikuwa imefungwa na jirani hakujua walikoelekea. Wengine watatu walikaa ng'ambo ya mto. Giza lilikuwa linaingia.

*

Mama Léontine alikuwa kwenye baraza, kitenge kichwani. Alikuwa amebebewa mkeka wake kutoka chumba cha kilio hadi kitandani, kisha yeye mwenyewe akaurudisha katikati, mlangoni, si huku wala kule. Archange alikuwa anaandika barua kwenye goti lake. Alikuwa ameandika "Dada yangu mpendwa" na hakuwa ameendelea.

"Nimuulize mtoto gani amebaki?" alisema bila kuinua uso.

"Usimuulize," alisema mama yake. "Muambie mama yako yuko muzima. Muambie arudi."

Kaswera alikaa kwenye kizingiti na kuendelea kunakili, kompyuta magotini, mwanga wake kwenye karatasi. Themanini. Tisini. Alipofika tisini na saba aliandika polepole kuliko kawaida, na Mama Léontine, ambaye hakujua kusoma, alijua.

"Njo hapo?"

"Njo hapa, Mama."

Mama Léontine aliinama, akagusa mstari kwa kidole. Wino haukuwa umekauka, ukamwachia alama.

"Chini yake kuko bengine?"

"Bako mia moja na kumi na saba."

"Na bamama zao bako wapi?"

"Sijui. Wengine ng'ambo ya mto. Wengine sijui."

Kompyuta ililia: betri ilikuwa inakwisha. Kaswera aliandika haraka, mia moja na tano, mia moja na kumi, na kwenye mia moja na kumi na mbili kioo kikazima katikati ya jina. Alibaki na herufi tatu za kwanza za mtu. Hakuzifuta. Kwenye ukingo wa karatasi aliandika ya kesho: jua likitoka, kuchaji, kipimo kipya, majina mia moja na matatu, watatu wa ng'ambo, nyumba iliyofungwa.

Juu ya rafu ya jikoni Dancille alikuwa ameacha wembe, umefungwa kwenye kipande cha gazeti. Alisema atarudi asubuhi, ama kumaliza, ama kuchukua kitu chake.

"Lala," alisema Mama Léontine. "Kesho uamke mapema."

Kisha yeye mwenyewe akalala kwenye mkeka wa mlangoni, upande wenye nywele juu.